Sahihi na Saa

Umeme ulikatika Langoni saa nne kasorobo,
ukarudi saa nne na dakika ishirini,
na kwa dakika hizo thelathini na tano
ruta yangu imerudi utotoni.

Taa ya kwanza kijani. Ya pili yapepesa.
Ya tatu, ya intaneti, nyekundu,
jicho la mtu aliyeamshwa kwa kugongewa.
Naiuliza: leo lini?
Yanijibu bila haya:
Januari mosi, elfu moja mia tisa na sabini,
saa tisa za usiku.

Haina betri ya kukumbukia,
kile kidude cha ukubwa wa kifungo cha kanzu.
Waliounda walibana senti papo hapo.
Umeme ukienda inakufa na saa yake,
ukirudi inafufuka siku ileile.

Na adabu niliifunza mwenyewe:
usimwamini kila ajaye na jina.
Jina la kikoa likiletwa, tazama sahihi yake;
sahihi ina siku ya kuanza na siku ya kwisha,
kama dawa ya chupa.
Yatii, maskini. Yalipokea jina la seva ya saa,
yaigeuza sahihi huku na huku, yasema:
hii imetiwa mwaka ambao haujafika.
Mwongo. Rudi.

Ewe, huyo uliyemrudisha mlangoni
ndiye aliyekuja kukwambia saa!

Bila saa haikubali jina.
Bila jina haipati saa.
Sahihi haiwi sahihi.

Bi Mwanatumu wa Ndau yuko bencini tangu asubuhi,
faili la plastiki mapajani.
Ataka cheti cha mjukuu.
Cheti chataka kitambulisho cha baba mtoto,
na kitambulisho cha baba mtoto kilitaka cheti;
miaka minne, nauli za boti zisizohesabika,
kimetoka juzi.
Chake yeye kimechakaa pembeni. Nasoma: 01/01/1952.
"Karani aliniuliza siku, hamwambia siyui,
mamangu alisema kusi ilikuwa yavuma.
Akaandika Januari."

"Basi wewe na huyu hapa mmezaliwa siku moja."
Akaitazama ruta.
"Mbona mdogo?"

Nikamuuliza chake alikipataje.
"Mkunga. Alisimama mbele ya chifu akasema:
kitovu cha huyu nimekikata mimi.
Hakuwa na karatasi hata moja."
Wakamwamini hivihivi?
"Kwanza walimwamini. Kisha wakenda kuchunguza."

Kwanza. Kisha.
Nikachomeka waya, nikaingia kwenye mipangilio.
Chini ya ruta, kwa kalamu ya wino mzito,
niliwahi kuandika namba ya seva moja,
namba tupu, isiyohitaji kutafutiwa jina.
Nikaiambia: muulize huyu saa, mara moja tu,
usimdai muhuri.
Ukishaujua mwaka, rudi ukague kila mtu,
naye umkague.
Nikaongeza: kila saa ijiandikie tarehe pembeni,
ili ikifa tena ijue haikuzaliwa leo.

Najua, hapo pana ufa.
Mwenye nia mbaya akiwahi dakika ile
aweza kuiuzia mwaka wa uongo.
Wazee walisema ufa uzibwe.
Huu nimeupunguza, sikuuziba:
ndimo inamopita saa.

Taa ya tatu ikasita, ikageuka kijani.
Fomu ikafunguka.
Mtoto kazaliwa lini?
Bi Mwanatumu hakungoja nimalize kuuliza:
"Jumanne, mfunguo mosi ishirini na mbili,
saa kumi na moja na robo alfajiri. Nalikuwapo!"

Nikaandika kumi na moja na robo.
Fomu ikadhani jioni haijafika, au asubuhi imechelewa;
ilitaka tano na robo.
Nikafuta, nikaandika upya.

Akachungulia kioo juu ya bega langu.
"Na hiyo nayo," akasema, "haiyui saa?"